Walimwita Fundi wa Maji

Nyinyi vijana mnaosimama siku hizi kwenye milango ya benki na kupitisha kile kifimbo kinacholia pii, nawaonea wivu kidogo na nawacheka sana. Juzi nimeingia benki hapa Gitega, binti mmoja akanipitishia kifimbo chake huku macho yake yako kwenye simu. Kikalia. Akaniambia, "Pita, mama, iko ceinture." Mshipi! Mimi mwenye kitenge na mtandio, mshipi nimeutoa wapi? Kilicholia ni funguo za nyumba yangu, lakini yeye hakuuliza na mimi sikumwambia. Nilitembea hadi kwangu Nyamugari nikitikisa kichwa njia nzima, nikasema hapana, hawa lazima niwaandikie.

Mimi nilipekua watu kwa mikono. Kazi hiyo ndiyo iliyolea watoto wangu katika miaka ya vita. Kwenye vizuizi vya barabarani na milango ya masoko walikuwa wanajeshi wanaume tu, na wanawake walipita na vikapu vyao bila kuguswa, kwa heshima. Kisha wakubwa wakagundua kwamba heshima hiyo inapitisha magruneti. Wakatafuta wanawake raia, watu wazima, wanaojua Kirundi na Kiswahili na wasioogopa macho ya watu. Kupekua kwa Kifaransa ni fouille, basi watu wa sokoni wakanibatiza Mama Fuyi, na jina langu la Mwajuma likasahauliwa hata na majirani zangu wa mlango kwa mlango.

Niwatoe hofu mapema: sitawapa siasa. Nani alikuwa msituni na nani alikuwa kambini, mtaulizana wenyewe. Mimi nataka kuwaambia habari za Jumanne, fundi wa maji, na jambo alilofanyiwa mchana kweupe, mbele ya macho yangu. Nywele zimekuwa nyeupe, magoti yamechoka, na bado nikilikumbuka nashika mdomo.

Lakini kwanza mjue tulivyofundishwa, msije mkasema Mama Fuyi alikuwa anabahatisha.

Darasa letu lilikuwa katika shule moja iliyofungwa kwa ajili ya vita, hapa hapa Gitega. Mwalimu alikuwa Ajida Salvatori, Ajida ni cheo chake cha jeshi, mtegua mabomu, mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyecheka ovyo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebakiwa na kidole gumba na cha mwisho tu. Siku ya kwanza hakutusalimu hata. Aliuinua ule mkono, akauacha juu mpaka tukanyamaza wote.

"Hii njo diplôme yangu," akasema. "Mi nilipewa kwa sababu niligusa. Nyinyi bamama mutafanya kazi na macho, halafu na mdomo. Mikono ni ya mwisho."

Alitufundisha kutokuangalia kikapu bali mwenye kikapu. Mtu anayeuza maharagwe hutua kikapu chake puu, kwa sababu amechoka. Anayekitua polepole kama anamlaza mtoto, huyo muulize maharagwe ni ya kilima gani na anayauzaje. Mama mwenye mtoto mgongoni usimfungue mbeleko kwa nguvu. Muulize mtoto anaitwa nani, mchezee mtoto, na mkono wako utakuwa umeshapita mgongoni kote naye anacheka. Mfuko usio na mwenyewe uliza kwa sauti, "Wa nani huu?" Asipojibu mtu, usiusogeze hata kwa ncha ya kidole cha mguu. Ondoa watu, weka ukuta kati yako na ule mfuko, zima redio, ita wenye kazi yao.

Na usipige kelele. Hilo nilifundishwa na kuku.

Siku hiyo nilikuwa napekua mama mmoja mnene, nikafika kiunoni, kitu kikasogea chini ya kiganja changu. Kikapumua! Nikapiga ukelele ambao nadhani ulivuka vilima. Kizuizi kizima kikalala kifudifudi, wanajeshi, abiria, na Ajida Salvatori mwenyewe, uso kwenye vumbi. Tukasubiri kufa. Badala ya kifo tukasikia koo, koo, koo. Yule mama alikuwa amemfungia kuku ndani ya kitenge ili asilipe ushuru wa soko. Ajida akainuka, akajikung'uta vumbi taratibu, akanijia.

"Mama Fuyi, uliona nini?"

"Kitu kinasogea, Ajida."

"Na ulisema nini?"

"Nilisema yoo!"

"Yoo haiko jina ya kitu," akasema. "Sema kitu unaona. Usiseme kitu unaogopa. Mtu akikosa jina ya kitu, atakimbia mahali pabaya ama atasimama mahali pabaya."

Wenzangu walinicheka hadi tulipoachishwa kazi. Lakini siku ile ile, tukiwa tumekaa tunakunywa chai, Ajida alitufundisha jambo jingine ambalo sijalisahau. Alisema mtega bomu hatafuti wale watakaokufa tu, anawatafuta watakaobaki. Anataka waogope soko lao, waogope jirani yao, na waone kwamba serikali haiwezi kitu. Kwa hiyo serikali ina kazi ambayo haiwezi kumpa mtu mwingine. Raia akisema ameona kitu, iende kuangalia. Hata kama jana alikosea, hata kama ni mlevi, iende. Na ikishaangalia, imwambie kilichokuwepo.

Nilimwamini kama nilivyomwamini ustadhi wangu wa madrasa.

Vita vilipopamba moto upande wa kaskazini nikapelekwa Muyinga, kwenye soko moja la upande wa Gasorwe, soko la vilimani ambalo watu hulifikia kwa miguu, mizigo kichwani. Langoni nikajengewa kibanda cha turubai. Ndani nilipekua wanawake, na nje alikuwa Kaporali mmoja kijana na redio yake ya mkononi, akipekua wanaume. Katikati ya soko palikuwa na robine ya watu wote, ndivyo tuitavyo sisi mahali pa kuchotea maji, imejengewa kiukuta cha saruji. Ajida Salvatori naye alikuwa amehamishiwa Muyinga mjini, na gari la kazi yake. Juu ya soko lile alikuwepo mkubwa wa ofisi ya pale, raia, mwenye kipaza sauti alichokipenda kuliko chakula. Sisi tulimwita Shefu, na jina lake nitaliacha lipumzike.

Fundi wa ile robine ndiye Jumanne. Wazazi wake walikimbilia Tanzania zamani sana, yeye akazaliwa Kigoma, akarudi mtu mzima na Kiswahili kilichonyooka kama kilichopigwa pasi. Akipita langoni kwangu lazima asimame, mkono kifuani: "Shikamoo dada. Umeamkaje?" Wanajeshi walimwigiza, "Shikamoo, shikamoo," wakichekana, naye anacheka pamoja nao. Ila kwa mabomba yake hakuwa na utani. Akimaliza kuunganisha, hulala chini na kutega sikio kwenye mrija, kimya, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Akiinuka husema, "Fundi anayeacha tone moja lidondoke, huyo si fundi, ni mwizi wa maji."

Sasa nisikilizeni vizuri.

Siku moja ya soko mrija wa zamani, uliozikwa kabla yeye hajazaliwa, ulipasuka chini ya ardhi karibu na wauza chumvi. Maji yakaanza kwenda mbio kwenye gunia la Bibi Anastazia, bikizee mmoja wa pale ambaye chumvi ndiyo ilikuwa shamba lake na mume wake. Jumanne akayaona. Akafanya ambalo mtu mwema yeyote angelifanya: akakimbia katikati ya soko, mikono juu, akipaza sauti yake yote.

"Bomba limepasuka! Ondoeni vitu! Ondokeni, bomba limepasuka!"

Loo! Nyinyi mnaosoma hapa mnacheka tayari, nawaona. Kwetu sisi hakuna aliyecheka. Kwetu mrija ni tiyo, maji hutoka kwenye robine, na kinacholipuka tunakiita bombe, tumekitoa kwenye Kifaransa. Sikio lenye hofu halisubiri mwisho wa neno. Soko zima lilisikia bombe, na soko zima likainuka. Meza zilipinduka, watoto walirushwa juu ya ukuta, watu walipita juu ya watu. Nilisombwa na kibanda changu, turubai likanifunika, nikadhani nimeshakufa na hiyo ni sanda.

Nilipotoka chini ya turubai vumbi lilikuwa linatua. Hakukuwa na moshi. Kulikuwa na maji tu yanatiririka, na Bibi Anastazia amelala katikati ya chumvi yake, mguu umeelekea ambako miguu haielekei. Na Jumanne alikuwa chini, watu wanampiga kwa viatu na kwa mawe ya mizani. "Ni mutu wa baasi ba musituni!" mmoja anapiga kelele. "Alitaka kutuua!" Aliokolewa na Kaporali, akafungwa kamba, akatupwa ndani ya ofisi.

Nilikwenda kumweleza Shefu. Nikamwambia, Shefu, bomba kwa Kitanzania ni tiyo. Akaelewa, lakini amechelewa. Kosa, mnaona, lilikuwa limeshapanda ngazi: alikuwa ameshaita msaada kwa redio, malori ya jeshi yalikuwa yamefika, na maofisa walikuwa wamesimama kwenye matope wakitazama tiyo iliyopasuka. Walimcheka. Wangemgombeza ingekuwa afadhali, lakini walimcheka, mbele ya watu wake.

Akamwachia Jumanne, na kesho yake akashika kipaza sauti. "Kuanzia leo, mutu yeyote atataja bombe hapa sokoni, atafungwa. Ukiona kitu, nenda kwa Kaporali polepole. Kaporali ataniuliza mimi. Mimi njo nitaamua."

Katika vita, katikati ya soko, neno pekee lenye kuokoa watu limepigwa marufuku! Ajida Salvatori alikuwepo. Alijaribu kusema kwamba raia akiogopa kutaja, sisi wote tumekuwa vipofu. Shefu akamwambia wewe Ajida ni mtaalamu wa vyuma, mtaalamu wa watu ni mimi. Ajida akapiga saluti, akapanda gari lake.

Bibi Anastazia hakutembea tena sawasawa. Alikuwa akiletwa juu ya baiskeli na kuketishwa kando ya kiukuta cha robine, mahali ambapo kila mtu hupita, ili asihitaji kuwatafuta wateja. Jumanne, ambaye alijiona ndiye aliyemvunja mguu ingawa nilimkatalia kila siku, alimletea maji na kumpangia chumvi yake.

Soko lilisahau, kama masoko yanavyosahau. Ikafika asubuhi moja.

Mama Furaha, Mkongomani wa upande wa Uvira, mlokole, muuza vitenge, alikwenda robine kunawa mikono. Nyuma ya kiukuta akaona mfuko mweusi umesukumwa kwenye kona, na ndani yake kitu cha chuma na waya. Hakugusa. Akauliza wa nani, hakujibiwa. Akaenda kwa Kaporali, akamnong'oneza. Maneno yao Kaporali mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye, huku analia.

"Kaporali, iko kitu ku robine. Ile balikataza kutaja."

"Kitu gani? Sema."

"Utanifunga."

"Sema, sikufunge."

"Bombe."

Kaporali akabonyeza redio. Redio ikakwaruza, ikakata, ikarudi. "Shefu, mama mmoja anasema bombe ku robine." Na ndani ya redio kukatoka kicheko. "Bomba! Bomba tena? Safari hii sidanganyike. Robine iko inavuja. Ita fundi!"

Kaporali alikuwa mtoto wa watu, amefundishwa kutii. Akaita fundi.

Mimi nilikuwa ndani ya turubai langu, sijui lolote. Jumanne akapita, begi la vyuma begani, akachungulia. "Shikamoo dada. Nimeitwa, bomba limeharibika."

"Marahaba, mdogo wangu. Kazi njema."

Akaenda. Nyuma yake akatoka mwanamke na bido, yaani dumu la maji, kichwani, imejaa, inamdondokea mabegani, matone yakanilowesha miguu. Nikamuuliza kwa mazoea tu amechota wapi. "Si hapo ku robine," akasema, "leo inatoka kabisa." Nikaitazama ile bido. Robine imeharibika vipi na maji yanatoka kabisa? Sijamaliza kuwaza, Mama Furaha akaingia kwa kishindo, kilemba kimemwanguka.

"Mama Fuyi, banajeshi baliko wapi? Mi nimebaambia bombe, bananiletea fundi wa maji! Vraiment, kweli, fundi wa maji!"

Wanangu, nilikimbia hadi robine.

Jumanne alikuwa amefika kwenye kiukuta, amepiga goti, spana mkononi, anatafuta panapovuja. Wanawake walikuwa wamepanga bido zao. Watoto wanachezea maji. Nikasimama mbali kidogo, marufuku ya Shefu nikaisahau.

"Jumanne! Bombe!"

Kelele za maji na watoto zilikuwa zimekula mwisho wa neno; akageuka, akatabasamu, akainua spana. "Ndiyo dada! Ndilo ninalolitafuta!"

"Bombe, Jumanne! Usiguse!"

"Sasa nisipoligusa nitalitengenezaje?" Akacheka, akainama tena, na nikauona mkono wake unazunguka kona ya kiukuta.

Mnajua inavyokuwa neno linapokukimbia? Nilikuwa nalo, nilikuwa nikilisikia kila jioni kwenye redio ya Tanzania, katika taarifa ya habari, na siku hiyo ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kisha likatoka.

"Bomu! Jumanne, bomu!"

Spana ilisimama hewani. Aligeuza kichwa tu, polepole, akatazama nyuma ya kiukuta, akaona. Sijaona tena uso wa mtu ukibadilika hivyo, kama taa imezimwa ndani yake. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Aliyefundishwa na mawe ya mizani hapigi kelele. Aliinuka, akawageukia wale wanawake na sauti ya kawaida kabisa.

"Mama zangu, maji yameingia uchafu. Acheni bido zenu, nendeni kwa dada pale langoni. Taratibu. Mtoto mshike mkono."

Wakaja wakinung'unika. Nikawapitisha upande wa migomba badala ya njia kuu, maana Ajida alitufundisha kwamba aliyetega kimoja anaweza kutega cha pili pale watu wanapokimbilia. Kaporali nilimwambia azime redio, aende nayo mbali kabisa, kisha ndiyo amwite Ajida moja kwa moja, asipitie kwa Shefu. Mama Furaha alizunguka meza kwa meza akiimba pambio lake la kanisani kwa sauti ya chini na kuwavuta watu nguo. Soko likatoka kama watu wanaotoka msibani, bila mbio. Nilishangaa. Nilisema moyoni, kumbe inawezekana.

Jumanne alikuja akasimama kando yangu, anahema. Alikuwa ameshaokoka, jamani. Alikuwa nami hapa, mkono wangu umeshika shati lake. Akatazama nyuma.

"Dada," akasema, "bibi."

Bibi Anastazia alikuwa ameketi pale pale kando ya kiukuta, peke yake katika soko zima, anafunika chumvi yake na karatasi. Nani angemkumbuka mtu ambaye hakimbii? Shati lilinichomoka mkononi.

Alikwenda mbio, akamwinua bibi mikononi kama anavyoinuliwa mtoto aliyelala, na bibi anampiga kifuani kwa ngumi akidai chumvi yake. Wakafika kwenye kona ya duka la nyama. Hapo dunia ikapasuka. Sina neno jingine. Nilisikia sauti baada ya kuanguka, si kabla, na masikio yangu yaliimba wiki nzima.

Hakufa mtu. Bibi Anastazia tulimkuta chini ya Jumanne, mzima, anatukana. Jumanne mgongo wake ulikuwa umejaa vipande vya saruji na damu inamtoka masikioni. Aliketi, akaitazama robine. Kiukuta hakikuwepo tena, na maji yalikuwa yanaruka juu kuliko mapaa.

"DADA, FUNGA KOKI!" akanipigia kelele, na mimi niko mbele yake, ningeweza kumgusa pua. Nikamjibu. Akautazama mdomo wangu, akakunja uso, akanitazama tena. Ndipo nilipojua.

Ajida Salvatori alifika, akazunguka na mikono yake na vidole vyake vilivyobaki, akaokota vyuma kwenye matope. Aliniambia mwenyewe, "Iko bombe, mama, haina shaka." Nani aliiweka, hatujui hadi leo.

Mimi baada ya hapo nilirudishwa Gitega. Walisema nimezoea sana mahali. Jumanne yuko hai, amehamia huku kwetu, na ndiye fundi wa mtaa wetu wa Nyamugari. Siku hizi hawezi kutega sikio kwenye mrija, basi huulalia kwa shavu, na akiinuka anajua panapovuja. Kwa hiyo nikiwaambia mtazame mtu na si mashine, mjue nimeambiwa na nani. Nanyi ambao mtapanda vyeo, mtakaopewa redio na kipaza sauti, siku raia atakapokuletea habari ya kijinga, nenda kaangalie. Aibu ya kukuta maji hutoka kwa sabuni.

Lakini hilo silo lililonifanya nishike mdomo hadi leo. Ni mkutano.

Siku chache baada ya mlipuko, kabla sijarudishwa Gitega, watu waliitwa kwenye uwanja wa mpira. Kulikuwa na wakubwa wanakuja kutembelea, na Shefu alikuwa ameshawaambia kwamba eneo lake ni tulivu. Tulikaa chini kwenye nyasi. Jumanne alikuwa kando yangu, pamba masikioni, macho yake kwenye mdomo wa Shefu, maana alikuwa ameshaanza kujifunza kusoma midomo. Alikuwa anangoja jambo moja, jina la kilicholipuka. Aliyeumizwa na vita alitibiwa na serikali. Aliyeumizwa na kazi yake mwenyewe alijitibu, na akiwa amesababisha hasara, alishtakiwa.

Shefu akapuliza kipaza sauti, fuu, fuu. Akasema watu warudi sokoni, wasisikilize maneno ya mitaani. Hakuna adui aliyefika. "Ilikuwa bomba," akasema, kwa Kiswahili kile kile cha Kigoma alichokicheka. "Bomba la maji limepasuka, kwa sababu ya uzembe wa fundi."

Nilidhani sijasikia vizuri, nikawatazama wenzangu. Mama Furaha alikuwa ameweka mikono kichwani. Nikamtafuta Ajida Salvatori, mwalimu wangu, aliyesema yoo haiko jina ya kitu. Alikuwa amesimama nyuma ya Shefu, ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Baadaye alimpeleka Jumanne hospitali ya jeshi kwa gari lake mwenyewe, akasema huyu ni majeruhi wa vita, akamsimamia mpaka akahudumiwa. Lakini pale uwanjani, wanangu, alitazama viatu.

Nikasimama. Nikasema, "Shefu, ilikuwa bombe." Akaniambia nikae chini. Nikasema tena, na mwanajeshi mmoja akanishika bega kunikalisha.

Jumanne hakunisikia mimi. Yeye alikuwa ameukazia macho mdomo wa Shefu. Bombe huishia meno yakionekana, bomu huishia midomo imekunjwa, bomba huishia mdomo wazi. Alikuwa ameona mdomo wazi. Akanivuta mkono. Kiziwi wa juzi juzi hajui sauti yake iko wapi, na uwanja ulikuwa kimya.

"DADA! AMESEMA BOMBA?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ningemficha vipi?

Akasimama, mgongo wake umefungwa bendeji, akamtazama Shefu, na yote aliyokuwa nayo yakatoka kwa sauti iliyofika vilima vya pili.

"BOMBA LANGU LILIKUWA ZIMA!"

Lilikuwa neno lile lile, kutoka mdomo ule ule, kubwa kuliko siku ya chumvi. Wanajeshi walishtuka, wakajiandaa kwa zile mbio. Hakuna aliyekimbia. Watu walibaki wameketi kwenye nyasi, Bibi Anastazia akiwa mbele kabisa na mkongojo wake mapajani, wakamgeukia Shefu wote, wakangoja ajibu.